Tumpale Ampeleka Meja Kuchanjwa

Kaeni vizuri. Wewe wa nyuma, sogea mbele, maana huyu Tumpale ana sauti kubwa lakini mimi yangu ni ndogo.

Tumpale ana miaka sita. Anakaa Tukuyu, kwenye migomba na mvua. Kule mvua haijui kuchoka.

Jirani yao ni Bibi Subilaga. Anaishi peke yake na mbwa wake. Mbwa huyo anaitwa Meja.

Meja ni mkubwa, na miguu yake ni minene. Na ni mbishi huyo, jamani. Akisema hataki, hataki.

Mchana Meja hufungwa kwa kamba kwenye nguzo ya banda. Usiku hufunguliwa. Basi hapo hukimbia, pata pata pata, akaizunguka nyumba yote.

Jumamosi moja daktari wa mifugo alikuja kwenye uwanja wa shule kuchanja mbwa. Kila mbwa aliyechanjwa alivishwa utepe mwekundu shingoni.

Mwenyekiti wa mtaa akapita akitangaza. "Mbwa asiye na utepe asifunguliwe. Afungwe mchana, afungwe na usiku. Daktari anaondoka saa sita."

Lo. Na siku hiyo mguu wa Bibi Subilaga ulikuwa umevimba. Hakuweza kutembea. Alikaa kwenye kigoda, akamtazama Meja, machozi yakamlengalenga.

Tumpale aliyaona yale machozi. Moyo ukamuuma. Meja asikimbie tena usiku? Hapana, hilo Tumpale hakulikubali.

"Shikamoo, bibi. Nitampeleka mimi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe? Huyu atakuburuta mpaka sokoni."

"Haniburuti."

Kaka yake, Gwamaka, alikuwa kwenye ngazi ya nyumba yao pale jirani, akitafuna muwa. Akacheka. "Huwezi."

Tumpale akashika kiuno. "Naweza. Na nakwenda."

Mama yao akachungulia dirishani. "Gwamaka, mfuate mdogo wako. Lakini usimsaidie mpaka aombe."

"Haombi huyo," akasema Gwamaka. "Tutakaa huko mpaka Krismasi."

Tumpale akafungua kamba pale nguzoni. Akaishika kwa mikono miwili. Akavuta.

Meja akakaa. Pu.

Meja hataki. Tumpale hakubali.

Akavuta tena. Akavuta mpaka mashavu yakavimba. Wakafika getini, hatua moja, kukaa. Hatua moja, kukaa.

Pu. Pu. Pu.

Meja hataki. Tumpale hakubali.

Tumpale akatoa ukoko wa ugali mfukoni. "Njoo, Meja. Njoo ule." Meja akaja, akala ukoko wote, akaramba na vidole. Tumpale akavuta kamba.

Pu. Akakaa tena. Hivi kweli, ukoko wa mtu umeula wote, halafu unakaa?

Barabarani, mama mmoja alikuwa akiuza ndizi. "We mtoto," akasema, "mwache mbwa wa watu. Hamtafika."

"Simwachi. Tutafika."

Njia ilikuwa tope tupu. Chwata, chwata. Huko mbele, mbwa wengine walikuwa wanarudi. Wote wana tepe nyekundu.

"Saa tano na nusu," akasema Gwamaka. "Nikusaidie?"

"Sitaki."

Tumpale akazungusha kamba mkononi, akakanyaga kwa nguvu, akavuta kwa mwili mzima. Mguu ukateleza. Pwaa, akaanguka chali kwenye tope.

Kamba ikalegea.

Meja akasimama. Akaja taratibu, akamnusa Tumpale masikio. Akamlamba pua.

Tumpale akakaa palepale kwenye tope. Akavuta kamba kidogo. Meja akakaa. Akailegeza. Meja akasimama. Akavuta. Akakaa. Akalegeza. Akasimama.

"Gwamaka," akasema polepole, "kule nguzoni, kamba ikimkaza, anafanyaje?"

"Anakaa. Kamba ikiisha ataenda wapi?"

"Basi ndiyo maana. Kamba ikikaza anajua ni mwisho. Anajua akae alinde." Tumpale akashika kichwa. "Muda wote huu anatii, na sisi tunamwita mbishi."

Alimwonea Meja huruma. Akamkumbatia shingo, tope na manyoya pamoja.

Kisha akasimama pembeni yake, bega kwa bega. Kamba akaiacha ining'inie. "Twende, Meja."

Meja akaenda. Chwata, chwata, chwata.

Lakini akaenda wapi? Akageuka, akaanza kurudi nyumbani. Nilisema ni mbishi au sikusema?

Tumpale akakimbia, akamzibia njia. Akatandaza mikono yote miwili. "Huko hatuendi."

Meja akamkazia macho. Tumpale akamkazia macho. Mvua ikaanza kunyesha, na hakuna aliyesogea.

Meja hataki. Tumpale hakubali.

"Mimi nina hasira na wewe," akasema Tumpale, "na nakupenda. Siondoki hapa."

Meja akashusha pumzi, fyuuu. Akageuka. Akaenda shuleni kwa miguu yake mwenyewe, na Tumpale pembeni.

Uwanjani hakukuwa na mbwa hata mmoja. Daktari alikuwa anafunga sanduku lake la dawa.

"Mtoto, rudi nyumbani," akasema daktari. "Uje na mtu mzima siku nyingine."

"Sirudi," akasema Tumpale. Hakurudi nyuma hata hatua moja. "Shikamoo, daktari. Sirudi. Bibi anaumwa mguu. Meja asipochanjwa leo, atafungwa usiku na mchana."

Daktari akatazama saa. Zilibaki dakika tatu. Akamtazama Tumpale, tope kutoka kisogoni mpaka visiginoni.

"Nani atamshika? Huyu ana nguvu kuliko mimi."

"Nitamshika mimi. Ila wewe usiikaze kamba."

Tumpale akapiga magoti. Akamwekea Meja shavu kwenye sikio. Daktari akachoma sindano.

"Kwii," akasema Meja. Mara moja tu, basi.

Daktari akamfunga utepe mwekundu. Akafungua daftari lake. "Mbwa ni wa Bibi Subilaga. Na aliyemleta nimwandike nani?"

"Tumpale. Andika jina lote."

Wakati wa kurudi, Gwamaka akaomba kamba. Naye alitaka kuonekana. Akaishika kwa mbwembwe, akavuta.

Pu.

Gwamaka akavuta, akavuta. Tumpale akatembea zake. Alisubiri mpaka kaka yake aseme, "Tafadhali, Tumpale." Ndipo akamwonyesha tena jinsi ya kuilegeza kamba.

Bibi Subilaga alipouona ule utepe, alinyanyuka kwenye kigoda, ingawa mguu ulikuwa bado umevimba. Akamshika Tumpale mashavu. Akacheka na kulia kwa pamoja.

"Asante, mwanangu. Haya, mfunge pale nguzoni."

Tumpale akatazama nguzo. Akamtazama Meja. Akaficha kamba nyuma ya mgongo.

"Simfungi, bibi."

"Mchana mbwa hufungwa. Ndivyo tulivyozoea."

"Mimi sijazoea," akasema Tumpale. "Bibi nakuheshimu. Lakini mbwa aliyetembea mpaka shuleni, simfungi mchana kutwa tena. Nitakuja kumtembeza kila siku nikitoka shule. Hata mvua inyeshe."

Gwamaka akafumba macho. Alijua sasa dada yake atagombezwa.

Bibi Subilaga akaitazama nguzo. Kisha akamtazama Meja na utepe wake.

"Utakuja kweli?" akauliza.

"Nitakuja."

"Basi funga geti vizuri," akasema bibi, "huyu asije akatoka kabla hujafika."

Tumpale akafunga geti. Meja akatimua mbio, pata pata pata, akaizunguka nyumba yote mchana kweupe. Kuku wakakimbilia jikoni.

Jioni Mama alileta beseni la maji ya moto. "Tumpale, njoo uoge."

"Sitaki."

Mama akashika kiuno.

Wakatazamana. Basi, Tumpale akaoga. Akalala msafi, na hakuna aliyemsikia akilalamika.