Mchumba Wangu Anachosha

"Mchumba wangu anachosha. Mimi nimechoshwa."

Sauti yangu hiyo, inatoka kwenye simu yangu, na simu iko mkononi mwa mchumba wangu, fundi makochi. Nimetoka kuoga, taulo kichwani.

"Unamrekodia nani haya?"

"Mwalimu wangu wa Kiitaliano."

"Naye anakujibu, 'Safi kipenzi, rudia kwa hisia'?" Akabonyeza nyingine. Sauti yangu tena: "Unavutia. Nimevutiwa."

"Ngoja nikueleze, mpenzi."

"Usiniite mpenzi! Nimeshampigia mama, nimemwambia harusi haipo!"

Moyo ukanipasuka paa! Harusi ni Jumamosi, jamani. Mwanaume akipandwa na wivu hana breki.

"Nina mtihani wa ukalimani," nikasema, machozi yananilenga. "Kiingereza kinabadilisha mkia tu wa neno: *boring* ni anayechosha, *bored* ni aliyechoshwa. Kiitaliano kina maneno mawili mbalimbali, *noioso* ni anayechosha, *annoiato* ni aliyechoshwa. Mwalimu hataki mifano ya vitabuni. Tunatunga mbilimbili kuhusu watu wa nyumbani, kwanza kwa Kiswahili, halafu ndiyo tunageuza."

"Mpigie huyo bwana. Weka spika."

"Bwana?" Nikapiga.

"Haloo kipenzi," ikaitika sauti ya bibi kizee. "Umefika kwenye 'anatisha' na 'ametishika'? Mtunge mama mkwe!"

Nyuma yake mzee wake akalalamika, "Mwambie jana ulinitunga mimi, 'anatia aibu'!"

Nikakata simu. Fundi akaketi taratibu.

"Sawa," akasema kwa sauti ndogo. "Lakini ulipotafuta mtu anayechosha, ukanikumbuka mimi."

Kumbe hapo ndipo palipomuuma! Nikakaa karibu naye.

"Umesikiliza mbili tu. Sikiliza zilizobaki." Nikabonyeza.

"Mchumba wangu anafurahisha. Nimefurahishwa." "Mchumba wangu anatuliza. Nimetulizwa." Zote yeye, mwanzo mwisho.

"Na ile ya kuchosha?"

"Ilikuwa uongo mpaka leo."

Akacheka huku anafuta macho, kisha akaruka. "Mama!"

Akapiga. "Mama, samahani, harusi ipo."

"Najua ipo," mama mkwe akajibu. "Marehemu baba yako aliivunja yetu mara mbili kwa wivu. Hayo uliyoniambia sijamwambia mtu yeyote. Nipe huyo binti yangu niongee naye."

Nikapokea simu. Nikalia kwa raha, fundi wangu kanishika mkono.