Anga Juu ya Kaburi la Erick

Leonce alitoka kazini saa tisa alasiri, kama kawaida. Kazi yake ilikuwa kushusha mizigo ya ndege katika uwanja wa Pearson, Toronto, nchini Kanada. Alipanda basi mpaka mtaa wa Malton, karibu na uwanja, akatembea dakika tano, akaingia nyumbani. Mgongo ulimuuma. Mkewe, Dorotea, alikuwa amepika ndizi na maharage. Binti yao, Abigael, alikuwa mezani na vitabu vyake. Leonce alimsalimia kwa Kiswahili, binti akaitikia kwa Kiingereza, kama watoto wengi wa huko.

Siku nyingine Leonce angekula, kisha akalala kidogo. Siku hiyo hakugusa chakula. Ilikuwa Alhamisi, na Jumamosi walikuwa wanamzika mdogo wake, Erick.

Erick alikuwa dereva wa lori. Moyo ulimshika akiwa barabarani, mbali huko kaskazini. Helikopta ya wagonjwa ilimchukua, ikamleta hospitali ya Toronto. Aliishi siku nne zaidi. Katika siku hizo aliongea na mkewe, Nicole, na kwa simu na mama yake, akawashika watoto wake mikono, akaungama kwa padri. Kisha akafa.

Ukoo ulitaka mwili urudishwe Bukoba. Kwa Wahaya, mtu huzikwa kibanjani kwao, kati ya migomba, mahali ambapo ndugu zake wanapita kila siku. Nicole alikataa. Alisema watoto wa Erick wako Kanada, nao wanahitaji kaburi la kutembelea. Kwenye simu watu waligombana siku tatu. Mwishowe mama mzazi, Ma Kokugonza, alikata shauri mwenyewe.

"Mzikeni huko," alisema. "Lakini kama nimekosa mwili, nipeni mahali. Nataka kuona mwanangu analala wapi."

Leonce alikwenda makaburini upande wa Mississauga, akapiga video kwa simu, akaituma. Mama aliitazama, kisha akampigia. Alikuwa na miaka themanini na minne, miguu yake haikumbeba tena, na safari ya Kanada ilikuwa ndoto.

"Naona nyasi na shimo," alisema. "Shimo ni shimo. Mahali sijapaona."

Hapo ndipo Leonce alipotoa ahadi. Alimwambia mama kwamba Jumamosi, wakati wa mazishi, atamwonyesha makaburi yote kutoka juu. Mwenzake wa kazini, Landry, Mkongo mcheshi, alikuwa amenunua droni, yaani ile ndege ndogo isiyo na rubani ambayo mtu huiongoza kwa mkono akiwa chini. Landry alimwazima bila swali.

Leonce hakuwa mtu wa kudharau taratibu. Kwao, ukitaka kufanya jambo katika shamba la mtu, unamwona mwenye shamba, kisha unamwarifu mwenyekiti wa kitongoji. Ukishapata neno lao, umemaliza. Kwa hiyo alimwuliza padri, na padri akaona ni sawa. Akapiga simu ofisi ya makaburi, akauliza kama picha zinaruhusiwa. Wakasema zinaruhusiwa. Hakuwaambia kwamba picha zitapigwa kutoka angani, nao hawakuuliza. Leonce akaona amemaliza. Tuseme ukweli: alikuwa hata hajaanza.

Alhamisi hiyo aliacha ndizi zipoe, akachukua droni, akaenda kwenye bustani ya manispaa nyuma ya nyumba. Alitaka kujifunza kabla ya siku yenyewe. Aliunganisha simu yake na kile kifaa cha kuongozea. Maandishi mekundu yakatokea kwenye kioo. Alisoma mstari wa kwanza, akaona neno "uwanja wa ndege," akabonyeza kukubali. Aliwaza kwamba yeye na uwanja wa ndege wanajuana.

Droni ilipanda. Ilipita vichwa vya miti, ikapita mapaa. Kwenye kioo Leonce aliona barabara, maghala, magari kama punje za mahindi. Alifurahi kidogo, kwa mara ya kwanza katika wiki mbili. Macho yake yalikuwa kwenye kioo tu. Angani hakutazama.

Kisha akasikia mngurumo.

Helikopta ilitokea juu ya mapaa, chini kuliko alivyowahi kuona. Leonce aliinua macho kuitafuta droni. Hakuiona. Mawingu yalikuwa meupe, na droni ilikuwa nyeupe.

"Leonce." Sauti ilitoka nyuma yake, ya mwanamke, tulivu na kali. "Teremsha hiyo kitu. Vuta chini kijiti cha kushoto. Pole pole. Usiache."

Alivuta. Helikopta ilipita na kuelekea mjini, upande wa hospitali. Baada ya muda droni ilishuka, ikagusa nyasi, ikaanguka ubavu.

Haikugongana na kitu. Lakini Leonce hakujua ilikuwa umbali gani na helikopta, na kule kutojua ndiko kulikomtia baridi. Aliketi pale pale kwenye nyasi. Helikopta ile ilikuwa ya wagonjwa, kama ile iliyombeba Erick.

Mwanamke aliyemwita alikuwa jirani yake, Vera. Alikuwa Mgoa, mzaliwa wa Nairobi, na walisali parokia moja. Miaka mingi alifanya kazi ya ukarani. Siku hizi alipiga picha za mapaa ya majengo kwa droni, ili mafundi wajue panapovuja bila kupanda.

"Wewe unafanya kazi kwa ndege kila siku," Vera alisema, "na hujui haya maneno?"

"Mimi nabeba mizigo, dada Vera. Sirushi ndege."

"Leo umerusha. Inuka. Twende kwangu."

Jikoni kwake Vera alichemsha chai. Alichukua droni ya Landry, akaiweka kwenye mzani wa kupimia unga. Ilikuwa zaidi ya nusu kilo.

Alimweleza bila kumbembeleza. Kanada, droni yenye uzito wa robo kilo au zaidi, mpaka kilo ishirini na tano, lazima isajiliwe na wizara ya uchukuzi. Ikisajiliwa inapewa namba, na namba hiyo inaandikwa kwenye mwili wake. Leonce aligeuza droni. Hapakuwa na namba. Tena anayeirusha lazima awe na cheti cha urubani. Cheti cha kwanza kinapatikana kwa mtihani wa kompyuta, kuanzia miaka kumi na minne. Aliye nacho hapiti mita mia moja na ishirini na mbili kwenda juu. Anakaa mita thelathini mbali na watu wasiohusika. Muda wote droni inaonekana kwa macho, si kwenye kioo tu. Vilevile haruki kandokando ya uwanja wa ndege.

"Na ikiwa ndogo, chini ya robo?" Leonce aliuliza.

"Hiyo haisajiliwi na cheti haidaiwi. Lakini hata hiyo, ukihatarisha mtu au ndege, una kesi."

"Sasa hapa Malton?"

"Hapa ndege zinashuka juu ya kofia yako. Anga hili linaongozwa. Kuruka hapa unahitaji cheti cha juu, na mashine inayofaa, na ruhusa ya shirika linaloongoza ndege. Hiyo ni sheria ya nchi. Halafu kuna ya mji. Bustani ni ya manispaa, na hurushi droni humo bila kibali. Mississauga ni hivyo, Toronto ni hivyo. Sheria moja haifuti nyingine. Unazitimiza zote."

Alimtajia na faini. Kurusha bila cheti ni mpaka dola elfu moja. Mashine isiyosajiliwa, mpaka elfu moja nyingine. Kuhatarisha watu au ndege, mpaka elfu tatu. Kuhusu kitambulisho cha Leonce cha uwanjani, Vera hakujifanya anajua. "Sijui wangesema nini kazini kwako," alisema. "Unataka kujaribu ujue?"

Leonce alisukuma kikombe kando. Kisha hasira ikampanda. Alisema haya ni mazishi, si mchezo, na kwamba aliomba ruhusa kwa padri na kwa wenye makaburi. Mwenye shibe, alisema, hamjui mwenye njaa. Vera alikuwa amewazika wazazi wake hapa hapa, na kaburi lao anaweza kwenda kwa basi.

Vera alivumilia mpaka akamaliza.

"Uliomba ruhusa ya ardhi," alisema. "Ya anga hukuomba. Ardhi ina mwenyewe na anga lina mwenyewe. Umemwahidi mama yako kitu ambacho si chako."

Hapo Leonce alilia. Hakulia hospitalini, wala mbele ya Nicole. Alilia kwenye meza ya jirani, mbele ya mzani wa unga. Vera alimwachia alie, akamwongezea chai.

Alipotulia, Vera alimwambia kwamba yeye anacho cheti cha juu, na mashine yake inafaa. Angerusha yeye mwenyewe. Lakini ruhusa ya anga ilihitaji siku kadhaa, na makaburi nayo yalipaswa kuambiwa ukweli wote. Tena siku ya mazishi watu wangejaa, na kwenye makaburi ya jirani wangekuwepo wengine wanaolilia watu wao. Hao hawakuomba mashine ivume juu ya vichwa vyao.

"Kwa hiyo Jumamosi haitawezekana," Leonce alisema.

"Haitawezekana."

"Nani atamwambia mama?"

"Wewe," Vera alisema.

Ijumaa asubuhi Leonce alimrudishia Landry droni yake. Landry alicheka, akamwuliza kama mzimu umemfukuza angani. Alipoona uso wa mwenzake akaacha kucheka. Leonce alimsimulia kila kitu. Baadaye Landry aliisajili droni, na wote wawili wakafanya ule mtihani wa kwanza. Landry aliufanya mara mbili.

Ijumaa hiyo hiyo Leonce alimpigia mama yake. Dorotea aliketi karibu yake, mkono begani. Waliongea Kihaya. Leonce hakuzunguka. Alisema ahadi ya Jumamosi ameivunja. Alieleza jinsi alivyorusha mashine asiyoijua, mahali pasiporuhusiwa, na jinsi helikopta ya wagonjwa ilivyopita.

Leonce alisikia kuku wa mama yake.

"Huyo mgonjwa aliyekuwa ndani," mama alisema, "alifika?"

"Sijui, Mama. Naamini alifika."

"Ile nyingine ilimfikisha Erick. Ilinipa siku nne za kusikia sauti yake." Akapumua. "Usiniletee kaburi la mwanangu kwa kumzuia njia mtoto wa mwenzangu. Nitangoja. Kungoja nimezoea."

Jumamosi walimzika Erick. Waliimba nyimbo za nyumbani, na kwaya ya parokia ikaitikia. Kila mmoja alitupa udongo kwa mkono. Angani hakukuwa na kitu ila ndege zilizokuwa zikienda zake. Leonce alitazama juu mara moja, akainamisha kichwa.

Ofisi ya makaburi ilipoambiwa ukweli wote haikukasirika. Iliuliza maswali, ikaandika barua, ikachagua saa isiyo na mazishi. Jumatatu jibu la anga likaja kwenye simu ya Vera: Jumanne asubuhi, kuanzia saa tatu mpaka saa nne, bila kupita mita thelathini. Mita thelathini si nyingi. Lakini kwa anayetafuta kaburi moja, zinatosha.

Jumanne Vera alifika na fulana ya kung'aa. Alipima upepo. Alikagua mapanga ya droni na betri. Alimweka Leonce kando yake, akampa kazi.

"Wewe ni mwangalizi," alisema. "Kioo si chako. Tazama angani, na useme unachokiona."

Droni ilipanda. Leonce hakuangalia kioo hata mara moja, ingawa moyo wake wote ulikuwa pale. Katikati ya kazi alisikia mlio.

"Ndege ndogo," alisema. "Magharibi. Inakuja huku."

Vera aliteremsha mashine mara moja, wakangoja. Ndege ikapita juu sana. Wakaendelea. Saa nne kasorobo droni ilikuwa sandukuni, na video ya dakika nne ilikuwa njiani kwenda Bukoba, ambako ilikuwa karibu saa kumi na moja jioni.

Mama alipiga simu baada ya nusu saa, Leonce akiwa bado makaburini. Alikuwa ameitazama mara tatu. Hakulia. Alikuwa anahesabu mahali, kama mtu anayekagua mipaka ya kibanja. Lango liko huku. Barabara inapita hapa. Miti mikubwa mitano, kivuli kinaangukia miguuni kwa Erick. Leonce aliitikia kila kitu.

"Nimepaona," mama alisema. "Sasa niambie, huyo wa kulia kwake ni nani?"

Leonce hakujua. Hakuwahi kuuliza. Alitembea mpaka kwenye jiwe, akainama, akasoma.

"Anaitwa Stanislaw, Mama. Amekufa na miaka tisini na mmoja. Nadhani ni Mpoland."

"Ana mtu?"

Leonce aliangalia. Nyasi zilikuwa zimefunika ukingo wa jiwe, na hapakuwa na ua hata moja.

"Sioni dalili."

"Stanislaw," mama alisema, taratibu, akilijaribu jina mdomoni. "Nitamtaja pamoja na Erick nikisali. Mwambie Nicole, akija na watoto, wasimpite jirani mikono mitupu."

Leonce alipiga magoti, akang'oa zile nyasi kwa vidole mpaka jina lote likaonekana. Kisha akachomoa ua moja kwenye shada la mdogo wake, akaliweka pale.