Utepe Mweusi Mzingani

Bwana Lionel Strode alikuwa amelala chali nyuma ya nyumba aliyotaka kuiuza. Shingo ilikuwa imevunjika, macho yako wazi, yakilitazama paa jipya la nyasi kana kwamba bado yanatafuta kasoro. Ngazi ya mwezekaji ilikuwa imeanguka ubavuni pake.

Inspekta Gwenda Luscombe alichuchumaa. Nyumba ile aliijua tangu utoto. Kila mtu pande hizi za Devon aliijua: miaka mia tatu na themanini, kuta nene za udongo, madirisha madogo kama macho ya mtu aliyeamka sasa hivi. Pale kijijini Aldershaw hapakuwa na nyingine ya umri wake.

"Nani kamkuta?"

"Mimi," alisema Piers Gaunt, dalali wa nyumba, suti yake imechafuka magotini. "Nilileta wanunuzi saa nne, mtu na mkewe kutoka London. Wameshaondoka. Mama wa watu katapika kwenye mawaridi."

"Marehemu alifuata nini juu?"

Gaunt alionyesha kilele cha paa, aliposimama ndege wa kusukwa kwa nyasi. "Kwenda kumpiga picha yule. Amos Tozer alimaliza kuezeka jana, na Strode hakuamini kazi ya mtu mpaka aiguse."

Daktari aliinua bega la maiti, akapapasa ardhi iliyokuwa chini yake. "Pakavu. Mvua imeanza saa moja, ikakatika saa mbili. Huyu kafa kabla haijaanza."

Sajini Yeo, kijana wa mjini, alikuwa ameshafungua daftari. "Ajali, afande. Ngazi haikufungwa. Mwezekaji kazembea, mtu kafa. Huyo Tozer ana kesi ya kujibu."

Amos Tozer aliletwa. Mzee wa miaka sitini na minne, viganja vyake vigumu kama gome la mti. Aliitazama maiti mara moja, kisha akaitazama ngazi yake kwa huzuni zaidi.

"Uliifunga, mzee Amos?" Luscombe aliuliza.

"Miaka arobaini na sita nafunga ngazi, binti Luscombe. Ghala la marehemu baba yako nimeliezeka mimi. Siku gani uliona ngazi yangu inaning'inia kama ulimi wa mbwa?"

"Kamba iko wapi?"

"Hapo kwenye kigingi."

Kamba ilikuwapo. Haikuwa imekatika wala kulika. Fundo lilikuwa wazi.

"Kamba hii inasema ulisahau," Yeo alidakia.

"Kamba haisemi, kijana. Wewe ndiye unayesema."

"Ulikuwa unampenda marehemu?"

"Simba na swala." Amos alitema mate pembeni. "Alimtoa bibi Lavinia Endacott humu ndani mwezi wa Novemba, mpangaji wa miaka themanini na minane, ili nyumba iuzike ikiwa tupu. Bibi kafa Februari. Nani ampende? Lakini ngazi yangu naifunga hata akipanda shetani."

"Hayo utawaambia mahakamani."

Mzee aliigeukia tena ngazi yake. Mwezekaji aliyeua mtu kwa ngazi yake hapandi tena paa la mtu, hata asipofungwa jela. Luscombe aliliona jambo hilo usoni pake, akatembea bustanini kwenda kufikiri.

Chini ya mtufaha palikuwa na mizinga mitatu ya mbao, imepakwa rangi nyeupe. Miwili ilikuwa kimya, buibui wametanda mlangoni. Wa tatu ulikuwa hai, nyuki wanaingia na kutoka.

Mzinga huo ulikuwa umefungwa utepe mweusi.

Luscombe alisimama wima. Rangi ya utepe ilikuwa imechujuka, ikateremka kwa michirizi ya kijivu juu ya rangi nyeupe. Ubavuni mwa mzinga, karibu na kifuniko, palikuwa na alama tatu ndogo ambapo rangi ilibanduka.

"Gaunt. Utepe huu ni wa lini?"

Dalali alitoa simu yake. "Jana jioni nilipiga picha za tangazo, bustani nzima. Tazama. Haukuwapo."

"Yeo, njoo hapa. Bibi yako alifuga nyuki?"

"Bibi yangu alikaa ghorofa ya saba, afande."

"Wangu alifuga. Mwenye nyumba akifa, nyuki lazima wapewe habari. Unagonga mzinga mara tatu kwa ufunguo wa nyumba, unawaambia, unawafunga kitambaa cha msiba. Usipowaambia wanahama, au wanakufa."

"Ushirikina huo."

"Ndio. Sasa gusa utepe."

Yeo aliugusa. Ulikuwa bado na maji.

"Umenyeshewa," alisema taratibu.

"Mvua imekatika saa mbili. Maiti imeonekana saa nne. Nani alijua mapema hivyo kuwa nyumba hii ina msiba?"

Yeo alifunga daftari lake. Fuata nyuki ule asali, wamesema wahenga; Luscombe alikuwa anawafuata, na mdomoni alikuwa anaonja shubiri.

"Ufunguo wa nyumba anao nani?" alimuuliza Gaunt.

"Uko mmoja tu, wa chuma, wa kale. Anao Thirza, anayefanya usafi."

Thirza Endacott, bintiye marehemu Lavinia, alikuwa jikoni na buli la chai. Mwanamke wa miaka hamsini na nane, mgongo umenyooka. Katika jiko hilohilo ndimo alimokulia.

"Keti, Gwenda. Chai ingali moto."

"Ulifika saa ngapi, dada Thirza?"

"Saa tatu. Nikafagia, nikawasha moto. Wanunuzi wa London wanapenda kunusa moshi wa magogo. Huko nyuma sikutazama."

"Ufunguo?"

Thirza aliuweka mezani. Luscombe alivaa glavu, akaugeuza. Kwenye kichwa chake yalikuwa yameng'ang'ania magamba ya rangi nyeupe.

"Umepaka rangi leo?"

"La."

"Basi tuyaache. Ngazi haikufungwa. Jioni hii Amos Tozer atashtakiwa kwa kusababisha kifo."

Kikombe cha Thirza kilirudi kwenye kisahani bila sauti.

"Amos hana kosa."

"Mwenye kosa nani?"

"Aliyelala nje."

Luscombe alimpa onyo la kisheria: anayo haki ya kunyamaza, na atakalosema litakuwa ushahidi. Thirza alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kama mtu anayesubiri sala imalizike.

"Mama alikaa humu miaka hamsini na mmoja," alisema. "Kule alikopelekwa alikuwa na dirisha moja, linatazama maegesho ya magari. Kila siku ananiuliza, nyuki hawajambo? Alipokata roho nilikuja na ufunguo na utepe. Strode kasimama getini. Nikamwomba dakika mbili tu. Akacheka, Gwenda. Akasema nyuki wameandikwa kwenye karatasi za mauzo, si ndugu zangu, akaninyang'anya ufunguo. Hadi Machi mizinga miwili ilikuwa imekufa."

"Baridi labda," Yeo alinong'ona.

"Baridi ilikuwapo miaka yote hamsini na mmoja, mwanangu."

"Ukarudi kufanya usafi," Luscombe alisema.

"Nikamwomba kazi. Kijiji kikasema sina haya, nasugua sakafu ya aliyemuua mama. Acha waseme. Alinirudishia ufunguo kwa mkono wake mwenyewe. Mimi nilikuwa nasubiri."

"Na leo?"

"Saa kumi na mbili na nusu. Akaniita nimshikie ngazi. Mimi. Nikaishika. Alipopanda, nikafungua kamba ya Amos. Alipomfikia ndege nikamwita. Nikamwambia, 'Bwana Strode, unazikumbuka zile dakika mbili?' Akageuka. Akauliza, 'Dakika mbili zipi?'"

Kuni zilipasuka motoni.

"Angekumbuka," Thirza alisema, "sijui. Labda ningeishikilia. Nikavuta."

"Ungeondoka, tungeiita ajali. Kwa nini ukaenda mzingani?"

"Ndiye aliyekuwa bwana wao kwa sheria, na mzinga umebaki mmoja. Nyuki hawajanikosea kitu. Niwaue kwa ajili yake?"

Yeo alitoa pingu. Luscombe alimzuia kidogo kwa mkono.

"Uliwaambia nini?"

"Nilianza na mama. Niliwacheleweshea habari miezi mitatu, nikawaomba radhi." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikwaruza. "Wakavuma, Gwenda. Wakavuma mpaka ubao ukanitetemeka kiganjani. Nikangoja wamalize kulia. Ndipo nikawaambia na habari ya yule."

"Wakafanyaje?"

Thirza alisimama, akafuta meza mara moja kwa kitambaa, akanyoosha mikono yote miwili mbele ya sajini.

"Kimya," alisema. "Wakaendelea na kazi."