Muhuri wa Jumanne

Upepo ndio uliowakutanisha. Ilikuwa mchana, mbele ya posta, watu wamejaa kama siafu, wauza soksi wanagombea kivuli, na Mwalimu anapita na gauni lake la kijani lenye vifungo vyeupe, barua ya mwalimu mkuu mkononi. Upepo ukampokonya. Barua ikaruka juu ya vichwa vya watu, ikaenda kutua kifudifudi juu ya pedi ya wino ya fundi wa mihuri.

"Pole, dada," fundi akasema, akiinyanyua kwa ncha za vidole. "Barua yako imefika kabla yako. Ina haraka kuliko mwenyewe."

"Umeichafua!"

"Mimi? Mimi nimekaa tu hapa. Ushtaki upepo, nitakuwa shahidi wako."

Mwalimu hakutaka kucheka, lakini akacheka. Na kumbe barua yenyewe ilikuwa ikipelekwa kwa fundi yule yule: muhuri wa shule ulikuwa umelika, unatakiwa mpya.

Akakaa kwenye kigoda akimtazama. Kijana alikuwa mrefu, shati jeupe limepigwa pasi sawasawa, lakini vidole vyote vya zambarau. Alichonga mpira kwa kisu kidogo, herufi kinyumenyume, bila kukosea. Herufi R aliipa mguu mrefu kidogo, kama mtu anayetaka kuondoka. Alipomaliza hakumkabidhi kwanza. Alifungua kitabu kikubwa, akaupiga muhuri humo, akaandika tarehe.

"Hicho cha nini?"

"Kila muhuri ninaochonga, pigo la kwanza hubaki humu, na jina la aliyeuchukua. Marehemu baba aliniachia kisu na desturi hii. Sasa nipe jina, na namba ya simu."

"Na namba ya simu ni desturi ya baba?"

"Hiyo nimeiongeza mimi leo."

Basi simu zikaanza. Mwalimu akikaa kusahihisha madaftari, simu inaita.

"Umekula, malkia wangu?"

"Nasahihisha, niache."

"Nisahihishe na mimi."

"Wewe una makosa mengi, kalamu nyekundu itakwisha."

Mama yake, mjane aliyekuwa hakosi sala hata siku moja, alikuwa akipita na ufagio akisema, "Simu hiyo itakuotea mizizi sikioni. Huyo wa wino ana nia, au ana vocha tu?"

"Ana nia, mama."

"Tutaona. Nia haikai kwenye simu."

Ukaja uchaguzi. Mwalimu aliteuliwa kuwa msimamizi wa Kituo cha Saba, kwenye darasa lake mwenyewe. Jumapili ile watu walipiga kura tangu alfajiri, jioni zikahesabiwa mbele ya mawakala wa vyama vyote. Upande wa upinzani mia tatu na kumi na mbili, upande wa serikali themanini na nane. Mwalimu akatia sahihi, akagonga muhuri alioletewa na tume ya uchaguzi, akabandika fomu mlangoni kama sheria inavyotaka. Kisha muhuri ule ukatiwa sandukuni, sanduku likafungwa kwa lakiri, halifunguliwi ila mbele ya hakimu.

Jumatano matokeo yakatangazwa. Kituo cha Saba: upande wa serikali mia tatu na kumi na mbili, wapinzani themanini na nane.

Mwalimu alidhani masikio yamemdanganya. Akakimbia hadi ofisi ya tume, ambako fomu za vituo vyote zilikuwa zimebandikwa ukutani. Yake ilikuwepo. Sahihi ilifanana na yake kama mtoto anavyofanana na mama wa kambo. Na muhuri ulikuwa wa Kituo cha Saba, lakini siyo ule aliougonga. Akasogeza uso karibu. Herufi R ya neno "kura" ilikuwa na mguu mrefu.

Alitoka pale moja kwa moja hadi posta.

"Kituo cha Saba. Umechonga wewe?"

Fundi akainuka, tabasamu likimfia mdomoni. "Mpenzi, kaa kwanza..."

"Ndiyo au siyo?"

"Ndiyo. Lakini nisikilize..."

"Lini?"

"Jumanne."

"Jumanne! Kura zimehesabiwa Jumapili, wewe Jumanne unachonga muhuri wa kituo changu, halafu jioni unanipigia simu kuniuliza nimekula nini?"

"Nilinyamaza kwa ajili yako!"

"Kwa ajili yangu? Usinipigie tena."

Akaondoka, wauza soksi wakimpisha. Fundi alipiga simu mara kumi na saba. Hakuna hata moja iliyopokelewa. Hasira hasara, wahenga walisema, lakini mwenye hasira hana masikio ya wahenga.

Siku ya pili akaitwa na afisa wa tume, mtu mnene mwenye sauti laini. Wananchi walikuwa wamefungua shauri, hakimu atasikiliza Ijumaa.

"Mwalimu, utakuja useme sahihi ile ni yako. Basi, mambo yameisha. Ukikataa, tutasema wewe ndiye uliyebandika uongo mlangoni. Kazi utaikosa, na gereza lipo."

Akarudi nyumbani akamweleza mama yake kila kitu. Fomu ya mlangoni ilikuwa imekwisha kuchanwa. Mawakala wawili wa upinzani walikuwa wamezima simu kwa woga. Neno lake lilikuwa peke yake.

Mama aliendelea kuchagua mchele kwenye ungo. "Ukisema sahihi ni yako, utalala?"

"Sitalala."

"Basi kalale sasa, maana umeshajibu." Akatupa kijiwe nje. "Na huyo wa wino, ulimwacha amalize kusema?"

Mwalimu akavuta ungo, akaanza kuchagua mchele na yeye.

Ijumaa uwanja wa mahakama ulikuwa umejaa watu waliokaa chini. Hapakuwa na jiwe wala tusi. Walikuwepo wauguzi na sare zao, mafundi magari na mafuta mikononi, kina mama na miavuli. Kila mmoja alishika kipande cha karatasi chenye namba ya kituo alichopigia kura, basi. Walikuwa wamekubaliana: atakayerusha hata ganda la ndizi si mwenzetu. Askari walisimama mstari mmoja mbele yao, jua likiwapiga wote sawa.

"Afande, sogea kidogo," bibi mmoja alimwambia askari kijana. "Si kwamba nakufukuza, unanipa kivuli upande usiofaa."

Watu wakacheka, na askari naye akauma mdomo asicheke. Akasogea.

Mwalimu alikaa safu ya mbele, gauni jeusi, mkoba mapajani. Kiongozi wa askari akatangaza kwenye kipaza sauti watu watawanyike. Hakuna aliyeinuka. Akatangaza tena.

Ndipo akamwona fundi. Alikuja katikati ya uwanja peke yake, shati limepigwa pasi, kitabu kikubwa kifuani. Askari mmoja akamzuia, akamsukuma bega. Fundi akayumba, hakumjibu, akainamisha kichwa kwa adabu, akapita. Akakaa chini kando ya Mwalimu.

"Umekuja kufanya nini?" Mwalimu akanong'ona.

"Kukaa. Si ndiyo shughuli ya leo?"

"Nilikwambia usinipigie."

"Sijapiga. Nimekuja kwa miguu."

Mwalimu akageuza uso, machozi yanamchoma. Fundi akasema polepole, safari hii hakukatizwa. "Jumanne alikuja mtu wa tume na barua. Akaniambia msimamizi wa Kituo cha Saba amepoteza muhuri, ikijulikana atafukuzwa kazi. Nikajua ni wewe. Nikasema moyoni, mpenzi wangu amepatwa na balaa na ameona haya kuniambia. Nikachonga mbio mbio, nikanyamaza, nisikuaibishe. Nilijiona mwanamume kweli kweli. Kumbe nilikuwa mjinga."

"Ungeniuliza tu."

"Ningekuuliza. Na wewe ungenisikiliza."

Mwalimu akakitazama kitabu.

"Pigo lipo?" Mwalimu akauliza.

"Lipo. Tarehe ya Jumanne, na jina la aliyeuchukua. Kwa sahihi yake."

"Ukikitoa hicho watakukamata. Umechonga muhuri wa serikali."

"Nimechonga kweli. Nikikificha, wewe ndiye utakayekwenda ndani, na hawa wote," akawaonyesha waliokaa nyuma, "watarudi nyumbani na vikaratasi vyao. Twende."

Mlango ukafunguliwa, karani akaita Kituo cha Saba. Mwalimu akasimama. Wakaingia pamoja.

"Sahihi hii si yangu," akamwambia hakimu, sauti yake ya darasani ikasikika hadi dirishani. "Na muhuri huu ulikuwa haujazaliwa siku ile ya kura."

Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani mizito, akaagiza sanduku lenye lakiri lifunguliwe. Akaweka muhuri wa sandukuni, fomu ya tume na kitabu mbele yake, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akasoma kwa sauti jina lililokuwa kitabuni. Afisa yule wa sauti laini akaanza kutafuta leso.

Hakimu akasema tume iliyoghushi kituo kimoja haiaminiki kwa vingine; matokeo ya jimbo zima yakafutwa, kura ikaamriwa kurudiwa. Waliokaa uwanjani hawakupiga kelele mara moja. Kwanza walitazamana, kama watu wasioamini mvua. Kisha bibi wa kivuli akapiga kigelegele, na hapo ndipo mji wote ulipopasuka.

Fundi alilala mahabusu siku nne. Kila asubuhi Mwalimu alimpelekea sabuni na shati safi, na askari wa zamu akawa anamwita shemeji. Alipotoka kwa dhamana, kibanda chake kilikuwa kimefungwa hadi kesi iishe. Hakulalamika. Alisema Mungu hamnyimi mja riziki kwa sababu ya kusema kweli, na mama mkwe mtarajiwa aliposikia hayo, alisema, "Huyo sasa ana nia."

Jumapili ya marudio, safari hii Mwalimu hakuwa msimamizi. Alipanga foleni kama wengine, na fundi nyuma yake. Foleni ilizunguka shule mara mbili, na watu walikuja na viti, vyombo vya uji na watoto migongoni.

"Mwalimu," fundi akasema.

"Nini?"

"Sina kibanda. Nina kesi. Vidole vyangu havitakati hata kwa sabuni yako. Utakubali nije kwa mama na wazee wangu?"

Mwanamke wa mbele akageuka. "Hee! Jamani, huku anaposwa mtu!"

Habari ikakimbia foleni nzima haraka kuliko moto wa nyasi. "Kubali!" "Mwache afikiri!" "Afikiri nini, kijana amefungwa kwa ajili yake!"

Mwalimu akawatazama wote, kisha akamtazama fundi, uso unawaka.

"Kura ni siri," akasema, akapaza sauti ili wa mwisho kwenye foleni naye asikie. "Hili si siri. Ndiyo."