Tuliposhinda Tuzo Ndipo Nilipolipoteza Duka

Nina miaka thelathini na sita, mama wa mtoto mmoja wa kike. Naishi Katonga, hapa hapa Kigoma, chumba kimoja karibu na mwalo wa wavuvi. Yaliyonipata sikuyasimulia kwa muda mrefu, maana kila nilipofungua mdomo machozi yalitangulia. Leo nimejikaza. Nisikilizeni, hasa nyie dada zangu mnaofanya kazi kwenye biashara ya nyumbani kwenu na kuiita "yetu"...

Niliolewa Kasulu. Ndoa haikudumu, nikarudi nyumbani Gungu, Kigoma hii hii, na mwanangu mgongoni. Baba alikuwa ameshafariki. Nilimkuta mama anauza dagaa wa kukaanga barazani, wateja wake ni majirani tu. Kaka yangu Nesto, mtoto wa kwanza na wa kiume pekee, alikuwa kikazi Dar es Salaam. Kwa ajili yake mtaa mzima ulimwita mama yetu Mama Nesto.

Sikurudi nyumbani kuja kulala, jamani! Nilianza kwenda mwaloni alfajiri mwenyewe. Niliacha kununua dagaa wa kuanikwa chini, wale wenye mchanga unaolia kwenye meno, nikajenga chanja zangu za kuwaanikia juu. Nikajifunza kuwakaanga kwa mawese na pilipili mpaka wakawa wakavu kabisa. Mkono wangu wa kushoto una kovu mpaka kwenye kiwiko, karai la mafuta lilinimwagikia. Mama alilia siku ile kuliko mimi.

Tukatoka barazani, tukapanga fremu ya duka barabarani. Tukaweka dagaa kwenye pakiti zenye lebo, "Dagaa wa Mama Nesto". Abiria wa treni wakawa wanapita kwetu kabla ya kwenda stesheni. Watu wakawa wanawatumia ndugu zao mbali. Leseni tulikata kwa jina la mama. Ningekataaje? Ni mama yangu!

Siku moja nikapigiwa simu. Duka letu limechaguliwa kushindania tuzo za wasindikaji wadogo wa mazao ya ziwa, sherehe itafanyika hotelini mjini. Nilipomwambia mama, alifunga kanga kiunoni akacheza pale pale dukani, mteja akabaki ameshika pakiti yake anacheka. Nilimpigia kaka kumpa habari njema. Kaka ambaye likizo zilimpita bila kuja kutuona... safari hii akaja haraka sana!

Alimletea mama gauni, zuri kweli. Akaniuliza kama nimewahi kushika maiki mbele ya viongozi. Nikamwambia hapana, hata kanisani matangazo sisomi. Akacheka.

"Basi mimi nitaongea kwa niaba ya familia. Wewe pumzika mdogo wangu, umechoka sana."

Maneno matamu hayo! Nani angeyatilia shaka?

Lakini siku zilizofuata nyumba ikabadilika. Nikiingia chumbani kwa mama nawakuta wameketi kitandani wananong'ona, wakiniona wananyamaza. Mama aliyezoea kunisimulia hata ndoto zake akawa ananikwepa macho. Nilimuuliza anaumwa? Akasema ni presha ya sherehe. Moyo wangu ukawa mzito, ila nikajilaumu mwenyewe. Nikajiambia, Edita, huyo ni mama yako na huyo ni kaka yako, unamwogopa nani?

Siku ya sherehe mama hakula kitu. Njia nzima kwenye bajaji alishika mkono wangu, kiganja chake kimelowa jasho.

Ukumbini tukawekwa meza ya mbele. Pale alikuwepo mzee mmoja wa heshima, shati jeupe, pete kubwa kidoleni. Kaka akamtambulisha kuwa ni rafiki yake kutoka Dar. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," nikamtilia juisi. Mzee akaanza kuniuliza maswali. Dagaa wazuri wanapatikana lini? Mnawajuaje waliolala, wa jana? Mafuta yanapashwa mpaka wapi? Mnafanyaje pakiti isishike unyevu?

Mimi nikadhani ni mmoja wa majaji waliofichwa kati ya wageni. Nikamweleza yote! Nilimweleza giza la mwezi, dagaa wanapovuliwa kwa taa, nikamweleza chanja, nikamtajia mpaka kina mama wa mwaloni Katonga ninaowaamini. Kila nilichosema alitikisa kichwa na kumtazama kaka. Na kaka alikuwa anatabasamu. Mama alikuwa anakunja na kukunjua leso, hajagusa soda yake.

Mshereheshaji alipotaja mshindi wa kwanza, nilisikia jina letu kama linatoka mbali. Watu wakasimama. Vigelegele! Nikamkumbatia mama, akawa mgumu mikononi mwangu kama gogo. Tukapanda jukwaani watatu, mimi nimeshika mkoba wake ili yeye ashike tuzo.

Kaka akachukua maiki. Akaeleza jinsi mama alivyoanza barazani. Hapo ni kweli. Halafu akasema yeye, kama kijana wa kiume wa nyumba ile, ndiye aliyeliona duka kwa macho ya mbali na kulikuza akiwa Dar. Nikageuka kumtazama. Nikadhani nimesikia vibaya... Jina langu halikutajwa. Hata mara moja!

Kisha akasema, "Ndugu wageni, leo ni furaha mara mbili. Familia yetu imekubaliana kumkabidhi mwekezaji duka hili pamoja na jina lake. Naomba nimkaribishe jukwaani."

Aliyeinuka ni yule mzee wa shati jeupe.

Makofi yale, ndugu zangu, nayasikia mpaka leo. Familia imekubaliana? Familia ipi? Mimi ni nani kwenye nyumba ile?

Nikamsogelea mama. Sikutaka kumwaibisha mbele za watu, nikamuuliza kwa Kiha, polepole, "Mama, umemkubalia?" Kwa uchungu nilisahau kwamba maiki ya pili ilikuwa imesimama mbele yetu. Na kwa uchungu nilisahau kwamba nusu ya ukumbi ule ni Waha!

Wale walioelewa wakanyamaza. Wengine wakaendelea kupiga makofi kidogo, nao wakaacha. Mama akatazama chini. Akanijibu kwa Kiha vile vile, na sauti yake ikajaa ukumbi mzima.

"Mwanangu, yeye ndiye aliyebaki mahali pa baba yako. Wewe bado kijana, utaolewa tena."

Utaolewa tena... Mkono wangu wenye kovu, alfajiri zangu zote, jibu lake ndilo hilo! Mwanamke mmoja meza za nyuma alisema "Yesu wangu" kwa sauti. Kaka akawahi maiki, akacheka, akawaambia wageni kwamba mdogo wake ana machozi ya furaha.

Sikutukana. Sikupiga kelele. Niliweka mkoba miguuni pa mama nikashuka ngazi. Mpiga picha alinisogezea kamera, nikaiziba kwa mkono, nikatoka nje na viatu mkononi.

Asubuhi iliyofuata kaka alikuja kudai funguo. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia tukiwa nyumbani. Akasema ningeleta fujo. Akaongeza, "Jina la duka lenyewe ni langu, Edita. Mama Nesto. Nesto ni nani?" Halafu akasema yule mzee ana roho nzuri, yuko tayari kuniajiri nikaange.

Kuajiriwa kukaanga kwenye karai langu! Nilimpa funguo. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Nilimsubiri aseme neno. Neno lolote, hata "pole"... Aliingia ndani.

Nilikwenda kuomba ushauri ofisi ya kata. Wakaniambia kwa upole kwamba leseni si yangu, fremu si yangu, mama mwenyewe ameridhia na ana akili timamu. Nikamchukua mwanangu tukahamia Katonga. Wiki za kwanza sikuweza hata kusikia harufu ya mawese, natapika. Mwanangu aliuliza lini tutarudi kwa bibi. Nilikuwa namjibu "kesho" mpaka akaacha kuuliza.

Kina mama wa mwaloni ndio walioniinua. Wakanipa nafasi kwenye chanja zao bila maneno mengi. Nikaanza upya kwa kuanika tu. Baadaye nikapata karai.

Na lile duka? Mwekezaji alikuwa anataka jina na vibali tu. Kazi akaihamishia kwake Dar, fremu ya Gungu ikafungwa. Siku hizi pale wanauza vocha na chaji za simu. Kaka naye akarudi Dar. Mama akimpigia simu, hapokei.

Msimu mmoja wa mvua, bajaji ilisimama karibu na chanja zetu. Akashuka mama. Alikuwa amekonda, gauni linamning'inia. Tulitazamana. Wenzangu wakajifanya wako bize na dagaa.

"Nimekuja kukusaidia kuanika," alisema.

Ningempokeaje? Mwanangu akatoka mbio kumkumbatia bibi yake. Nikasogeza beseni, akaanza kutandaza. Tangu siku hiyo anaishi nasi. Chakula nampa, dawa nampa, maji ya kuoga nampashia. Lakini hajawahi kuniomba msamaha, na mimi sijawahi kumwambia nimesamehe. Tunaongea habari za mvua na bei ya mafuta. Nampenda, ni mama yangu! Ila kuna saa namwona akicheka na mjukuu wake, na moyo unanichoma upya. Sijui kama kutakuja siku isiyo hivyo.

Dada zangu, mkirudi nyumbani mkashika kazi ya wazazi, ulizeni mapema: hii ni ya nani? Msione aibu. Msiseme "ni mama yangu" kama nilivyosema mimi. Andikeni majina yenu kungali na mapenzi, maana mapenzi yakiondoka hakuna atakayewaandika.

Nanyi wazazi... nawaomba kwa machozi. Kama moyo wenu uko kwa mtoto wa kiume, mwambieni binti yenu mkiwa sebuleni, mlango umefungwa, kabla hajamaliza ujana wake jikoni kwenu. Atalia, ndiyo. Lakini atakuwa na muda wa kujipanga. Mimi niliambiwa mbele ya watu waliokuwa wanapiga makofi, na mpaka leo nikisikia watu wanashangiliwa, natafuta mlango wa kutokea.