Ngiri Kwenye Kovu la Fundi Makochi

Kila asubuhi mtaa ulijua kuwa Fundi Makochi ameshafungua karakana. Nyundo ililia ko-ko-ko, mwenyewe kainama juu ya kiti, misumari midogo kaibana kwa midomo. Alikuwa mwanamke pekee mtaani aliyetengeneza makochi, na kazi yake haikuwa na mpinzani.

Zamani alikuwa mnene sana. Magoti yalimuuma, pumzi zilimwishia upesi, na sukari ilimpanda. Mwishowe akafanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo. Watu walisema mengi. "Mtu mzima na akili zake anakwenda kukatwa tumbo!" Yeye akatia pamba masikioni. Uzito ukashuka, sukari ikatulia. Siku alipopanda ngazi za soko mpaka juu bila kupumzika, alisimama akacheka peke yake.

Tangu hapo hakutaka kusaidiwa. Kochi la watu watatu alilikumbatia mwenyewe na kulitoa nje. Mume wake alikuwa kinyozi kwenye chumba cha pili. Akija mbio kumpokea, alifukuzwa.

"Rudi kwenye vichwa vya watu," mkewe alimwambia. "Makochi niachie mimi."

Siku moja, akiinua kochi, alihisi kitu kikimchoma juu ya kitovu. Alipokwenda kuoga aliona uvimbe laini, mdogo kama limau, palepale kwenye kovu la upasuaji. Akiubonyeza, ulirudi ndani. Akikohoa, ulitoka tena.

Hakumwambia mtu. Aliwaza, wakijua watasema, "Si tulikuonya?" Akanunua mkanda mpana, akajifunga chini ya gauni, akaendelea kubeba. Uvimbe nao ukaendelea kukua.

Dada wa mume wake alikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji. Jumapili moja alikuja kuwatembelea. Akamwona Fundi anakohoa huku ameshika tumbo.

"Wifi, una nini?"

"Vumbi la sponji tu."

"Vumbi liko kifuani, mkono uko tumboni. Twende chumbani."

Fundi alijilaza kitandani, akafungua mkanda. Muuguzi akamwambia akohoe, akautazama uvimbe ukijitokeza.

"Hii ni ngiri," alisema.

"Ngiri? Si ugonjwa wa wanaume huo?"

"Nani kakudanganya? Ngiri inampata yeyote. Ukuta wa tumbo lako umelegea pale ulipopasuliwa, na utumbo unasukuma kutoka. Aliyekuwa mnene miaka mingi anaweza kuipata kwa urahisi zaidi. Kubeba vizito, kukohoa na kujikamua chooni vinaichochea."

"Kumbe kama kochi. Kitambaa cha ndani kikifumuka, sponji linatokeza."

"Hapo umenielewa. Sasa nisikilize vizuri. Uvimbe ukiwa mgumu, ukakataa kurudi ndani, ukauma sana au ukabadilika rangi, au ukianza kutapika, au ukishindwa kupata choo na kutoa hewa, usingoje kupambazuke. Kimbilia hospitali. Utumbo ukibanwa unakosa damu, na hapo ni kufa na kupona."

"Na huu mkanda?"

"Unaficha. Hauponyi."

Machozi yakamlengalenga Fundi. "Watanicheka, wifi."

"Wacheke mpaka mbavu ziwaume. Wewe tumbo lako litakuwa limeshonwa."

Siku ile ile Fundi alimweleza mumewe. Kinyozi hakupiga kelele. Alisema tu, "Kuanzia leo makochi nabeba mimi," akatoka nje haraka ili asionekane akipangusa macho.

Walikwenda kliniki wote wawili. Daktari wa upasuaji, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, alimpima, akampiga picha za tumbo, akachukua na damu.

"Ngiri tutaitengeneza," alisema. "Ila si sasa hivi. Uzito wako bado unashuka. Tunataka utulie kwanza. Na damu yako iko chini. Vidonge vya vitamini na madini unameza?"

Fundi alitazama sakafu. "Niliviacha. Nilijiona nimepona."

"Tumbo lililopunguzwa linahitaji vidonge hivyo maisha yote. Bila lishe nzuri kidonda hakifungi."

"Jamani, daktari! Juzi niliambiwa nipungue, leo nimepungua vibaya?"

Daktari alicheka. "Umepungua vizuri sana. Sasa tunajenga mwili. Kila mlo anza na protini: mayai, samaki, maharage, maziwa. Maji kunywa kidogo kidogo, kati ya mlo na mlo. Choo kisiwe kigumu. Unavuta sigara?"

"Hapana."

"Vizuri, maana moshi unachelewesha kupona. Na hicho kikohozi?"

"Ni cha karakana."

"Basi vaa barakoa ukichana sponji. Dawa zote unazotumia tuambie, hata za mitishamba. Na zile dalili za hatari ukiziona, hapo hatungoji uzito. Njoo mara moja."

Fundi alirudi akaishika kazi hiyo kama alivyozishika kazi nyingine zote. Alivaa barakoa. Alikula mayai kabla ya kugusa nyundo. Jioni alitembea na mumewe kuzunguka mtaa. Wakati huo alikuwa na kazi kubwa, viti vya ukumbi mpya wa maktaba. Alikata na kushona, na Kinyozi akabeba.

"Piga magoti, usipinde mgongo!" Fundi aliamuru.

"Mama, mimi nimezoea mashine ya kunyolea!"

"Basi kinyoe hicho kiti kisogee!"

Wateja walicheka mpaka wakashika viti. Mmoja aliuliza kwa nini fundi habebi tena. Fundi akavuta pumzi. "Nina ngiri," alisema. "Najiandaa kufanyiwa upasuaji." Hakuna aliyemcheka. Yule mteja akapokea upande wa pili wa kiti.

Daktari aliporidhika na uzito na damu, siku ikapangwa. Chini ya usingizi wa dawa, madaktari waliurudisha utumbo mahali pake, wakashona ukuta wa tumbo na kuuimarisha kwa wavu maalumu.

"Kumbe mmenitia kiraka kwa ndani," Fundi alisema alipozinduka.

"Na usije ukakifumua," wifi yake alimjibu.

Kesho yake alimsimamisha, wakatembea taratibu wodini ili damu isigande miguuni. Alimfundisha kukumbatia mto na kuubana tumboni kila anapotaka kukohoa au kucheka. Kucheka ndiko kulimpa tabu, kwa sababu Kinyozi hakuacha utani.

Nyumbani, mama mkwe alimletea vidonge alivyotumia yeye kwa mgongo.

"Meza, mwanangu, maumivu yatakwisha."

"Asante, mama. Lakini dawa nyingine za maumivu zinaweza kutia vidonda tumbo langu hili dogo. Nameza nilizoandikiwa tu."

Mama mkwe alivirudisha mfukoni. "Umekuwa daktari siku hizi!" alisema, na usoni alionekana kufurahi.

Baadaye uvimbe mdogo ulijitokeza karibu na mshono. Moyo ukampasuka paa. Safari hii hakununua mkanda. Alipiga simu, akaenda kliniki siku hiyo hiyo. Ilikuwa maji tu yaliyokusanyika, jambo linalotokea, na daktari akamwambia yatakauka yenyewe. "Umefanya vizuri kuja," alisema. "Na ukiona homa, usaha au wekundu unaosambaa, uje upesi hivi hivi."

Alingoja mpaka daktari alipomruhusu kubeba. Hata hapo alianza na vitu vyepesi, na kochi zito likawa la watu wawili siku zote. Viti vya maktaba vilikamilika, vyekundu, safu kwa safu, mishono imenyooka.

Siku ya kliniki yake ya mwisho, wifi yake alimwomba azungumze na watu waliokuwa wakisubiri upasuaji wa kupunguza tumbo. Fundi alisimama mbele ya mabenchi yaliyojaa, akasimulia yote, mkanda na vidonge alivyoviacha vikiwemo. Mwanamume mmoja akanyoosha mkono.

"Ungejua kwamba utapata ngiri, ungekubali ule upasuaji wa kwanza?"

"Ningekubali leo hii," alijibu. "Napumua, natembea, nafanya kazi yangu. Ila ule uvimbe nisingeuficha hata siku moja."

Watu wakapiga makofi. Mlangoni, muuguzi mgeni alimgusa mwenzake bega. "Yule ni mwalimu wa afya?"

"Ni fundi wa makochi," mwenzake alijibu, kidevu juu. "Na ni wifi yangu."