Mkono Uliobaki

Wifi yangu ni fundi cherehani. Zamani mashine ya kusaga ilimkata mkono wa kushoto, akabaki na kigutu. Basi kitambaa anakikandamiza kwa kigutu, mkasi anaushika kwa mkono wa kulia. Mdomo wake ndio hauna breki.

Kisha akaugua saratani ya titi, upande huo huo wa kulia. Akapasuliwa, akachomwa mionzi, akapona. Tukashusha pumzi. Mara mkono ukaanza kuvimba. Vidole vikawa haviingii kwenye mkasi.

Kaka yangu ni fundi makochi. Kwake yeye dawa ya kila kitu ni kukaza. Alichukua lastiki ya kochi, akamfunga mkewe karibu na bega, akavuta kweli kweli.

"Uvimbe usipande juu," alisema.

Asubuhi nilipokwenda kumjulia hali, nilimkuta bado kitandani. Vidole vya wifi vimekuwa vya bluu, vya baridi. Ananitazama tu. Huo ndio mkono wake pekee. Ukienda, nani atamlisha?

Hospitalini daktari aliikata lastiki haraka. Alihakikisha hakuna damu iliyoganda, akatupeleka kwa mtaalamu wa tiba kazi. Huyu huwasaidia wagonjwa waweze tena shughuli zao za kila siku.

"Baba, mngechelewa, huenda na huu ungekatwa," mtaalamu alimwambia kaka.

Kaka aliketi sakafuni.

"Mwilini kuna maji yanayopita kwenye mirija myembamba," mtaalamu alieleza. "Matibabu yaliharibu mirija ya kwapani, maji yakatuama mkononi. Wewe ukaziba na njia iliyobaki."

"Mbona hatukuambiwa?" wifi aliuliza.

"Mlipaswa kuambiwa, mama. Samahani."

Akamfundisha kaka kufunga bandeji maalumu. "Anzia vidoleni, hapo ikaze kiasi. Ukipanda, legeza. Vidole vikibadilika rangi au vikifa ganzi, fungua papo hapo. Na wewe mama, paka ngozi mafuta, jikinge na sindano. Inua meza yako, mkono uegemee. Mkono ukiwa mwekundu na wa moto, njoo siku hiyo hiyo."

Uvimbe haujaisha wote, lakini wifi anakata vitambaa tena. Kila asubuhi kaka humfunga bandeji, na kila mzunguko anauliza, "Inabana?"

Juzi wifi alichoka. "Wewe baba, ukiniuliza tena nitakushona mdomo."

Kaka alicheka. Kisha akageukia ukutani, akalia.